Vyungu Kumi na Vitatu

Mamangu alipolazwa hospitalini siku tisa, mwaka ule wa mvua nyingi, nyumba yetu ya Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, haikukosa chakula. Kabatini mlikuwa na mchele, pojo, unga wa sima, nazi tatu na ngonda iliyofungwa kwenye karatasi. Hata hivyo watu saba tulishinda kwa mkate na chai, viazi karai vya kununua, na chapati za jirani aliyetuonea huruma. Siku ya nne mdogo wetu wa mwisho akalia. Hakuwa na njaa. Alitaka chakula cha nyumbani. Nikasimama mbele ya kabati lile nisijue pa kuanzia. Kupika najua tangu utotoni. Nilichokuwa sikijui ni zamu: jana kuliliwa nini, leo kifuate nini, na usiku huu kirowekwe nini kwa ajili ya kesho.

Jioni nikamwuliza mama kitandani. Hakunitajia chakula hata kimoja. Aliniuliza yeye: "Mumekula nini jana na juzi?" Nikamwambia. "Bamvua limeingia?" Sikujua. "Baba yako amepata mshahara?" Bado. "Basi roweka kunde usiku huu, kesho upike na wali mweupe. Samaki mungoje Jumamosi." Akageukia ukutani akalala.

Tangu siku hizo nimeandika ratiba nyingi za chakula, zetu na za jamaa walioniomba, na nimefikia imani moja. Ratiba nzuri haiazimwi kwa mtu. Huchimbuliwa ndani ya nyumba yenyewe, kwa sababu ipo tayari, imehifadhiwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi amechoka. Kazi yetu ni kuitoa kichwani mwake na kuibandika mlangoni, ili siku akiugua, akisafiri au akitaka tu kupumzika, mwengine aisome na kushika mwiko.

Nilianza vibaya. Orodha yangu ya kwanza niliinakili kutoka gazeti la wanawake: siku saba, milo mitatu kila siku, milo 21 na kila mmoja na jina lake. Ilidumu siku sita. Yeyote aliyeiandika alikuwa mpishi mzuri, lakini hakujua kwamba Ijumaa kwetu ni pilau, kwamba baba hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, kwamba mtoto mmoja hali mabenda hata ukimbembeleza, wala kwamba kusi likivuma bei ya samaki hupanda. Iliandikiwa watu wasiokuwa sisi.

Kwa hivyo kabla ya kupanga chochote, chukua daftari. Kwa siku 14 andika kila usiku mambo manne: kilichopikwa, nani hakukila, kilichobaki chunguni, na pesa zilizotoka. Usibadilishe upishi kwa ajili ya daftari. Mkila mkate wa dukani siku tatu mfululizo, andika mkate siku tatu. Wiki ya kwanza utaona haya. Ya pili utaanza kuona mambo. Sisi tuligundua kwamba wali uliokuwa ukitupwa ulikuwa wa siku zile zile, Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu mama alipima mchele wa watu wote wakati baba amefunga na huja kula kidogo tu baada ya magharibi. Miaka yote hiyo hakuna aliyeliona.

Mwisho wa siku 14 kaeni chini, wakubwa na wadogo, mhesabu vitoweo. Nasema vitoweo makusudi. Mtu wa kwetu akiuliza "leo twala nini?" haulizi habari za wali. Wali upo, sima ipo. Anauliza kitoweo. Basi panga kitoweo peke yake, na chakula kikifuate. Hapo milo 21 ya gazeti hupungua ikawa kitu kimoja cha kuamua kwa siku. Asubuhi haina haja ya ratiba katika nyumba nyingi. Mahamri, vitumbua, muhogo wa kuchemsha au mkate vitajipanga vyenyewe kwa kadiri ya nafasi.

Katika nyumba nilizosaidia, vitoweo vilivyozoeleka huwa kati ya tisa na kumi na tano. Hata wale wanaolalamika kwamba hula kitu kimoja kila siku wanavyo tisa. Tatizo ni kwamba vitatu hupikwa mara kwa mara na sita husahauliwa. Kila mtu na ataje viwili ambavyo vikikosekana mwezi mzima atasikitika. Mtoto wa miaka sita naye aulizwe, na jibu lake liandikwe kama la mkubwa. Kinachotajwa hakitoki kwenye orodha.

Sasa lengeni vitoweo kumi na vitatu. Hesabu hii nilihangaika nayo kabla ya kuipata, kwa hivyo naomba unifuate kidogo. Ijumaa kwetu haiguswi: watu wametoka msikitini, sinia liko chini, ni pilau au biriani. Zinabaki siku sita huru. Ukiwa na vitoweo sita au kumi na viwili, kila kimoja kitanasa kwenye siku yake: maharagwe yatakuwa ya Jumatano daima, na watoto watajifunza kuichukia Jumatano. Ukiongeza kimoja, mzunguko husogea wenyewe. Namba 1 ikianza Jumamosi, namba 13 itaangukia Jumamosi ya wiki ya tatu, na namba 1 itarudi kesho yake, Jumapili. Mzunguko unaofuata itaangukia Jumatatu. Kila kitoweo hurudi baada ya siku 15 au 16, na kila mara siku tofauti. Samaki wa mchuzi aliyeanza Jumamosi hatarudi Jumamosi mpaka wiki 13 zipite, yaani siku 91, robo ya mwaka.

Robo ya mwaka ndio muda ambao pwani nayo hubadilika. Kaskazi huvuma kuanzia kama Disemba mpaka Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili na huwa na nguvu katikati ya mwaka. Masika na vuli huja na kwenda. Kila mzunguko huu mkubwa wa wiki 13 unapotimia, orodha ishushwe mlangoni, isomwe, irekebishwe, ibandikwe tena.

Kwa asiye na Ijumaa kama yetu, kanuni ni rahisi: hesabu siku zako huru za wiki, zidisha kwa mbili, ongeza moja. Binamu yangu aliyeolewa Maskati ana siku mbili zisizoguswa, kwa kuwa tangu 2013 mapumziko ya wiki huko Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na siku hizo mbili hula kwa wakwe au huwakaribisha. Zimebaki siku tano, kwa hivyo ana vitoweo kumi na kimoja. Nyumba inayokusanyika Jumapili baada ya kanisa hesabu yake ni kama yetu, kumi na vitatu.

Orodha yetu ya kwanza iliyodumu ilikwenda hivi. Ilianza na samaki wa mchuzi wa ukwaju, ikafuata pojo za nazi, mchicha wa nazi uliotiwa ngonda, mchuzi wa nyama kwa mbatata, maharagwe ya nazi, kisha samaki wa kukaanga kwa kachumbari. Baada ya pilau ya Ijumaa zikaja mbaazi za nazi, kuku wa kupaka, mabenda yaliyopikwa na nyama kidogo, dagaa wa kukaushwa na tungule na embe bichi, kunde, samaki wa kupaka, na mwisho mchuzi wa mayai. Tazama mpangilio wenyewe. Hakuna samaki wawili wanaofuatana, wala jamii ya kunde mbili. Mchuzi wa mayai umekaa mwisho kwa sababu ni chungu chepesi, hauzidi nusu saa, na kila nyumba inahitaji siku moja ambayo mpishi haumii. Yule mtoto asiyekula mabenda alikubali yabaki baada ya kuahidiwa kwamba siku hiyo atapakuliwa nyama na mchuzi, na ahadi ile tumeitimiza mpaka leo.

Ruhusu kitoweo kubadilishana nafasi na jirani yake kwenye orodha. Namba 5 na namba 6 zaweza kupishana ikiwa sokoni hakukwendeka. Lakini kitoweo kisirukwe kabisa, kwa maana kikirukwa mara mbili kitasahauliwa, na mtarudi kwenye vile vitatu vya zamani.

Chakula kinachokwenda na kitoweo nacho kina kanuni moja, ambayo kwangu ina uzito kuliko zote: nazi moja kwa sahani. Kitoweo kikiwa cha nazi, wali uwe mweupe, au iwe sima au chapati. Ukitaka wali wa nazi, na siku ya samaki wa kukaanga ndiyo siku yake, basi pembeni kuwe na kachumbari na pilipili ya ukwaju. Wazee wetu wengi walikula wali wa nazi na kitoweo cha nazi pamoja, lakini walikuwa wakipiga makasia, wakibeba magunia na kwenda kwa miguu kutoka ngomeni mpaka Makupa. Sisi tunakaa ofisini. Zaidi ya hayo, kukuna nazi mbili badala ya nne kunampunguzia mtu kazi ya mbuzi na kifumbu, na mtu huyo ana mgongo.

Wako wanaoogopa kutia kitu kigeni kwenye orodha, wakidhani wanaharibu asili. Nami huwakumbusha kwamba muhogo, mahindi na pilipili, vyote asili yake bara la Amerika, vililetwa pwani hii na biashara ya Wareno, wale wale waliojenga Ngome ya Yesu. Hata neno letu la meza limetoka kwao. Leo nani atakayesema muhogo wa nazi si chakula cha Waswahili? Kwa hivyo kila baada ya wiki 13 jaribuni kitoweo kimoja kipya, kimoja tu, mahali pa kile kilichokuwa kikibaki sana chunguni. Kikipendwa kimepata namba. Kisipopendwa mmepoteza siku chache tu katika robo nzima ya mwaka.

Nije kwenye samaki, maana hapa ndipo ratiba nyingi za Mji wa Kale huvunjika. Usiandike jina la samaki mlangoni. Andika namna ya kupika. Ukiandika "nguru", aliyetumwa atatafuta nguru hata siku nguru ameadimika, na atarudi na bili ya wiki nzima. Ukiandika "samaki wa mchuzi", atachagua kati ya nguru, kolekole na chochote chenye nyama imara kinachokatika vipande bila kuvurugika chunguni. Siku ya kukaanga mwache aangalie changu na vibua. Siku ya kupaka, changu mzima au tafi juu ya makaa, huku akipakwa tui zito lenye ndimu na thomu. Tafi ana miba yenye sumu ichomayo vibaya, kwa hivyo muuzaji akukatie miba pale pale sokoni. Usimpe mtoto kazi hiyo. Na kwa samaki yeyote, atakayetumwa afundishwe kutazama jicho liwe angavu na limejaa, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi.

Pweza hana namba kwetu. Yeye ni mgeni. Hupatikana zaidi bamvua linapokuwa kubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapotoka sana na miamba ikawa wazi. Ndiyo maana mama aliuliza habari za bamvua. Akija pweza, hukaa mahali pa samaki wa siku iliyo karibu, na yule samaki hungoja zamu yake nyingine. Ukimpa pweza namba yake mwenyewe utamtafuta siku za maji mafu na kumlipia asivyostahili.

Chini ya kila namba ya samaki andika badala yake, kwa herufi ndogo: ngonda, dagaa, mayai, pojo. Kusi likiwa kali vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba, na kilichopo sokoni huwa kichache na ghali. Aliyebeba kikapu asilazimike kupiga simu nyumbani kuuliza afanye nini. Jibu liwe limeandikwa tangu jana. Katika miezi hiyo sisi hupunguza namba za samaki wabichi zikawa mbili, na nafasi iliyobaki huchukuliwa na kisamvu au mnavu, kwa sababu mvua za masika huleta majani mengi na mazuri.

Badala hizo lazima ziwe zipo nyumbani. Katika kabati letu kuna rafu moja tunayoiita ngome. Jina hilo lilitoka kwa watoto. Niliwapeleka siku moja kwenye makumbusho ya Ngome ya Yesu, mwendo mfupi kutoka kwetu, nikawaeleza jinsi Waomani walivyoizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 mpaka Disemba 1698. Ndani walikuwemo Wareno, Waswahili wa Faza na Waafrika wengine, wakitegemea akiba na merikebu za msaada kutoka Goa. Moja ya merikebu hizo, Santo António de Tanna, ilizama 1697 chini ya kuta zenyewe. Wazamiaji waliichimbua miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa baharini vimewekwa pale ngomeni watu wavitazame. Maradhi na njaa vikawamaliza waliokuwa ndani, hata ukuta ulipopandwa walikuwa wamebaki wachache mno. Mwanangu alitazama vyombo vile vya udongo kwa muda, kisha akauliza sisi nyumbani tuna chakula cha siku ngapi. Sikuwa na jibu.

Leo ninalo: siku kumi. Rafu ya ngome ina mchele, unga, pojo, mbaazi kavu, kunde, dagaa, ngonda, chumvi, ukwaju, mafuta na maziwa ya unga. Haiguswi ila kwa sababu tatu: bahari imefunga, mshahara umechelewa, au mpishi anaumwa. Kinachotolewa huandikwa na kurudishwa pesa zikipatikana, na kila baada ya mzunguko mkubwa vitu vya zamani hutolewa vikapikwa na vipya kuwekwa nyuma, kwa kuwa joto na unyevu wa Mombasa huzaa fukusi upesi. Pojo na mchele vikae ndani ya madebe yenye vifuniko vinavyobana. Kama nafasi yako hairuhusu siku kumi, anza na siku tatu. Pishi moja ya pojo ni mwanzo.

Sasa watu wenyewe, kwa sababu ratiba isiyowajua walaji ni karatasi tu. Mama alirudi kutoka hospitalini akiwa na maagizo: shinikizo la damu liko juu na sukari imeanza kupanda. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa apikiwe chungu chake. Lilifanyika wiki mbili. Mpishi alichoka, na mama, aliyewapikia watu maisha yake yote, alikula peke yake pembeni akakonda kwa huzuni. Tukaacha. Tukarudi kwenye chungu kimoja, ila tukabadilisha wakati wa kupakua. Chungu hupikwa na chumvi kidogo sana, viungo vikifanya kazi: thomu, tangawizi, bizari, ndimu, dania. Kabla kasimile halijatiwa, bakuli la mama hupakuliwa, lina tui jepesi tu. Kisha ndipo kasimile huingia, na atakaye chumvi zaidi hujitilia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha chai, na ndani yake imehesabiwa ile ya mkate, ya ngonda na ya achari. Kwa hivyo ngonda huchemshwa na maji yake kumwagwa kabla ya kupikwa, na siku ya ngonda achari haitoki kabatini. Wali wa mama hupimwa kwa kikombe kile kile kila siku, na nusu ya sahani yake ni majani. Anakula sinia moja na sisi. Kwa mgonjwa wako fuata maagizo ya daktari wake, hasa mwenye maradhi ya figo, ambaye hata kunde huenda akakatazwa. Lakini hii njia ya kupakua kabla, mweleze daktari huyo, utaona wengi wataikubali.

Anayefunga sunna Jumatatu na Alhamisi aandikwe kwenye karatasi yenyewe, kwa alama tu pembeni mwa siku, ili mchele upimwe pungufu na sehemu yake iwekwe kando kabla watoto hawajamaliza minofu. Mtoto mwenye kuchagua asipikiwe chake, lakini katika kila mlo kiwepo kitu kimoja anachokila, hata kama ni chapati tupu na embe. Ukimlazimisha utapata vita. Ukimwacha na kile kimoja, baada ya mizunguko miwili mitatu atanyoosha mkono mwenyewe kwenye bakuli la mwenzake.

Matunda sikuyapa ratiba. Shirika lile lile linataka angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, na katika mji ambao maembe, mananasi, mapapai na ndizi vinauzwa barabarani, hilo latosha kukumbukwa tu: chochote cha msimu, baada ya mchana.

Masoko mawili yametosha kwetu. Mara moja kila mzunguko, baada ya siku kama 15, mtu mmoja huvuka daraja la Nyali kwenda Kongowea kununua kwa wingi vile vinavyokaa: vitunguu, mbatata, nazi, jamii ya kunde. Vibichi hununuliwa Marikiti kila baada ya siku mbili tatu, na samaki siku ile ile. Kwa kuwa namba zimeandikwa, orodha ya Kongowea hujiandika yenyewe. Unasoma vitoweo kumi na vitatu na kujumlisha. Baba, ambaye zamani alikuwa akitumwa sokoni na kurudi na alichokipenda, ndiye anayekwenda sasa, na nathubutu kusema anajua bei za Kongowea kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu.

Kuni ni ghali na gesi ni ghali, kwa hivyo jamii ya kunde ipikwe maradufu. Maharagwe ya namba 5 yakichemka, chemsha kiasi cha mara mbili, na nusu yake, kabla haijatiwa nazi wala chumvi, igandishwe kwenye friza mpaka mzunguko ujao. Tahadhari iko kwenye nazi. Kitoweo cha tui huchacha upesi katika joto letu. Kisikae nje zaidi ya saa mbili, na wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali, hata hizo ni nyingi. Wali vivyo hivyo: wali uliolala nje una vijidudu ambavyo sumu yake haifi kwa kupashwa moto. Upoze upesi kwenye sinia pana, utie kwenye friji, na kesho asubuhi uliwe baada ya kupashwa mpaka utoe mvuke. Stima ikikatika usiku kucha na friji ikapoteza baridi, usionje ili kujua. Mwaga.

Karatasi yenyewe iwe kubwa, imeandikwa kwa mkono, na penseli ifungwe kwa uzi kando yake. Nimeona watu wakiiweka kwenye simu. Simu ni ya mtu mmoja na huondoka naye. Mlango wa kabati ni wa wote, na msaidizi wa nyumbani, mgeni au kijana aliyetoka shule mapema huusoma bila kuomba ruhusa. Kila kilichopikwa kiwekewe alama na anayepika, si na anayesimamia.

Mwezi wa Ramadhani orodha hii hushushwa. Futari na daku vina zamu yake nyingine: uji, muhogo na ndizi za nazi, kaimati, sambusa, na kitoweo kimoja cha daku kisichozidisha kiu. Itengenezeni mwishoni mwa Shaabani, wala msinakili ya mwaka jana bila kuitazama, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu umepungua siku kama 11 kwa ule wa jua, na baada ya miaka michache Ramadhani iliyokuwa ya masika huwa ya maembe. Idi ikishapita, na masalio ya biriani yakishaisha, rudisheni karatasi mlangoni na muanzie pale mlipoachia. Mwaka jana sisi tuliachia namba 7. Siku ya nne ya Idi mama alisimama mbele ya kabati, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kwamba leo ni kuku wa kupaka, akamwita mjukuu wake amletee mbuzi na nazi.